Una wazo la biashara na mtaji mdogo? Anza na oda, programu itafuata

Swali ambalo timu yetu hulipata karibu kila wiki kutoka kwa wateja vijana ni hili: "Nina elfu kadhaa na wazo zuri, nianzie wapi?" Mara nyingi anayeuliza tayari ana jina la biashara, ana nembo aliyochorewa na rafiki, na ana mtu wa kumtengenezea programu ya simu. Kitu ambacho bado hana ni mteja aliyelipa.

Makala hii ni ya huyo. Tumechagua kuieleza kwa mfano wa Mombasa, pale Mama Ngina, kwa sababu biashara za pale zinaonekana kwa macho. Kila mmoja anamjua muuza mihogo wa kukaanga anayepasua muhogo katikati na kuupaka ndimu na pilipili, muuza madafu, wauza maembe mabichi, achari na mabuyu, na wale wa kachiri, vile vipande vyembamba vya muhogo vilivyokaangwa vikakauka. Jumapili jioni watu hujaa chini ya mibuyu, wengine wakitazama meli zikiingia Kilindini na wengine wakivua viatu tu wapunge upepo. Ni kawaida basi kijana akikaa pale na simu mkononi ajiambie: "Mbona hakuna anayewapelekea hawa watu wa maofisini na wa Mji wa Kale vitu hivi mpaka mlangoni?"

Wazo hilo si baya. Hebu tulifuate hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa kubuni wa marafiki wawili, mmoja wa Likoni na mwenzake wa Mji wa Kale. Wana shilingi 40,000. Pesa hizo si zao kikweli: ni mgao wa mama wa mmoja wao kutoka kwenye chama, na mama amesema waziwazi kwamba anazitaka kabla ya shule kufunguliwa Januari. Fundi wa programu anataka 35,000. Wakimlipa, watabaki na 5,000 za kununulia bidhaa, kulipia usafiri, bando, na kila jambo lingine litakalojitokeza. Na yatajitokeza mengi.

Ushauri wetu kwa wawili hawa ni kwamba fundi asubiri. Si kwa sababu programu ni mbaya (sisi wenyewe tunaishi kwa programu), bali kwa sababu kuna maswali matatu ambayo programu haiwezi kuyajibu, na yote yanaweza kujibiwa kwa simu ya kawaida, WhatsApp na Ijumaa tatu za kazi.

Kuna atakayelipa?

Marafiki wakiambiwa wazo hili watasema "poa sana, mkianza niambieni". Wasichukue neno hilo kama soko. Watu wa Pwani ni waungwana, hakuna atakayekuambia usoni kwamba hatanunua. Anayesema "nitanunua" na anayetuma shilingi 140 sasa hivi kwa pakiti mbili za kesho ni watu wawili tofauti, na mwenye biashara anamhitaji huyo wa pili.

Kwa hiyo Jumatano wanaweka tangazo kwenye stetasi zao na kwenye vikundi viwili vitatu wanavyojulikana: oda za Ijumaa jioni zinapokelewa, malipo kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Hilo sharti la kulipa kabla ndilo kipimo chenyewe. Wakipata ujumbe 30 wa "weka jina langu" na malipo sita, basi wana wateja sita. Sita wa kweli si haba kwa wiki ya kwanza, na angalau mtu hajadanganyika.

Na asiyelipa aulizwe kwa upole kwa nini. Pengine bei. Pengine saa. Au pengine (na hili ndilo jibu ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia) yeye huenda Mama Ngina kwa ajili ya kwenda Mama Ngina, kupunga upepo na watoto, na muhogo ni kisingizio tu. Huyo hata ukimpelekea nyumbani bure hutamfurahisha.

Nini kinasafiri?

Hapa ndipo somo linakuwa tamu, na hatuoni aibu kulikalia kidogo.

Dafu ni zito. Madafu 20 hayapandi bodaboda vizuri, na dafu likishapasuliwa halingoji. Linywewe pale pale na urambo wake uliwe. Muhogo wa kukaanga ukitoka karaini ni mtamu kwa dakika chache tu. Ukiuvusha Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni kwenye foleni, utamfikia mteja ukiwa baridi na umelegea, na mteja hatailaumu foleni, atakulaumu wewe. Maembe mabichi yakishatiwa chumvi na pilipili hutoa maji. Kachiri, ikiwa imefungwa vizuri isipate unyevu, haina tatizo: ni nyepesi, ni kavu, inakaa.

Kwa hiyo orodha ya vitu kumi waliyoipanga kuweka kwenye programu imeshuka mpaka kitu kimoja, pengine viwili wakiongeza mabuyu. Hilo wamelijua kwa gharama ya safari mbili za tuktuk. Kama wangelipa fundi kwanza, wangekuwa na programu yenye picha nzuri ya dafu ambalo hawawezi kulipeleka.

Kila oda inabakisha nini?

Tuseme (hizi ni bei za mfano, weka zako) pakiti ya kachiri wanainunua kwa 50 na kuiuza kwa 70. Mteja mmoja wa Mji wa Kale ameagiza pakiti nne. Faida ni 80. Bodaboda kutoka Mama Ngina ni 100. Wamepoteza 20 kabla hata ya kuhesabu bando na muda wao.

Mtu husema: "Wateja wakiwa wengi tutarudisha." Hapana. Oda 100 za namna hiyo ni hasara ya 2,000. Kama kila oda inakula pesa, programu nzuri itakusaidia kuzimaliza haraka zaidi.

Sasa wajaribu kukusanya oda tano za mitaa inayokaribiana, zipelekwe kwa safari moja. Faida ni 400. Toa tuktuk 150, mifuko ya karatasi 25, bando 50. Zinabaki 175 za kugawana watu wawili kwa jioni nzima, yaani 87 na senti kila mmoja. Si hasara tena, lakini kwa pesa hiyo mama hatalipwa Januari.

Ijumaa ya tatu anatokea mteja wa aina nyingine: karani wa ofisi moja mjini anataka pakiti 30 za kikao. Wanakwenda kwa muuza kachiri siku moja kabla, wanamlipa zote 30 papo hapo, naye anawapunguzia mpaka 45 kwa pakiti. Wanauza kwa 70 ile ile. Faida ni 750. Toa tuktuk 150, boksi 30, bando 50. Zinabaki 520, kwa kituo kimoja na kazi ya kama saa moja.

Hiyo ndiyo biashara iliyokuwa imejificha ndani ya wazo lao, yaani kupeleka vitafunio vya Mama Ngina kwenye vikao, semina na shughuli za harusi badala ya kumpelekea kila mtu kila kitu. Mtu anayeagiza kwa ajili ya watu 30 hahitaji programu. Anahitaji namba inayopokelewa, risiti, na mzigo ufike saa nne kamili.

Jambo la namna hii limewahi kutokea hata kwenye sekta yetu ya malipo ya simu. M-Pesa ilipojaribiwa kuanzia Oktoba 2005 kule Nairobi na Thika, lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa Faulu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Watu waliopewa huduma hiyo wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana pesa, kununuliana salio. Waliokuwa wakiiendesha waliliona hilo, na ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007 kilichowekwa mbele kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mikopo ikarudi miaka baadaye, M-Shwari ilipokuja Novemba 2012. Kama wangeshikilia wazo la kwanza kwa sababu tayari walikuwa wamelilipia, leo huenda pesa za simu zingekuwa na sura nyingine kabisa hapa Kenya.

Simu yako ni daftari, itumie hivyo

Kosa la kawaida tunaloliona kwa biashara changa ni kupokea pesa za mauzo kwenye laini ile ile ya matumizi ya nyumbani. Unauza vya 3,000, shangazi anatuma 1,500 za matanga, unalipa umeme, unanunua unga, na jioni salio linasoma 2,200. Umepata faida au hasara? Hakuna anayejua, hata wewe.

Fungua tili au laini ya pili kwa ajili ya biashara peke yake, tangu oda ya kwanza. Usingoje "ikikua". Jilipe kutoka pale kwa siku maalumu, kiasi maalumu, hata kiwe 200. Halafu mwisho wa mwezi chukua taarifa ya miamala na uisome kama barua. Nani amelipa mara mbili? Nani alilipa mara moja akapotea? Ni siku gani pesa huingia? Wale wawili wangeona haraka kwamba kati ya watu 25 waliowahi kununua, wanaorudi ni wale wanaoagiza kwa ajili ya wenzao. Mteja anayerudi bila kukumbushwa ana thamani kuliko wafuasi elfu Instagram.

Hesabu ada pia. Kutuma, kutoa kwa wakala, kuhamisha kutoka tili kwenda laini yako, vyote vina gharama kulingana na kiasi, na kutoa kidogo kidogo mara tano kwa siku kwa kawaida ni ghali kuliko kutoa mara moja. Ikiwezekana mlipe muuza kachiri kwa simu moja kwa moja ili pesa zisipite kwa wakala.

Kuhusu meseji za malipo: angalia salio, usiangalie meseji. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli, na jioni yenye kelele na foleni ya wateja ndiyo saa wanayoipenda. Na mtu akipiga simu kwamba amekutumia kwa bahati mbaya, usimrudishie kwa mkono. Mwambie apitie huduma kwa wateja. Ukimrudishia mwenyewe halafu naye akaomba muamala ubatilishwe, unaweza kulipa mara mbili.

Namba za simu za wateja wako ni mali yao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama una wateja 12 tu: usiwaingize kwenye vikundi bila kuwauliza, na usimpe rafiki yako orodha hiyo eti naye auze viatu.

Pesa ya kukopa

Wengi hutuuliza kama waanze kwa mkopo wa simu. Jibu letu linategemea jambo moja: bidhaa yako huzunguka kwa siku ngapi? Hustler Fund, kwa mfano, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa mtu binafsi hulipwa ndani ya siku 14. Ukinunua kachiri Alhamisi ukauza Ijumaa, siku 14 ni nyingi. Unaweza kuzungusha mtaji huo mara kadhaa kabla haujadaiwa. Lakini ukichukua mkopo wa siku 14 kumlipa fundi wa programu itakayokamilika baada ya miezi minne, siku ya kulipa itafika huku huna hata mteja mmoja. Utakopa kwingine kulipa pale. Hapo tunaomba usifike, na tunasema hivyo ingawa ni sekta yetu inayopitisha mikopo hiyo.

Deni la kutoa nalo liangalie. "Niandikie, mwisho wa mwezi" ni sentensi inayoua biashara za Pwani taratibu sana, kwa sababu anayeisema ni jirani, ni mjomba, ni mtu mliyesoma naye madrasa. Weka kikomo kabla hujaulizwa. Ni rahisi kusema "mimi na mwenzangu tulikubaliana hatuandiki" kuliko kusema "sikuamini".

Ninyi wawili

Hapa tungeomba msomaji asiruke, hata kama mwenzako ni kama ndugu.

Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja. Pesa zilizomo zinahesabika kuwa zake. Siku mtakapokosana, au siku mwenzako atakapopata kazi Doha akaondoka kwa haraka, hatutaweza kukupa pesa hizo kwa kutuonyesha picha zenu mkiwa pamoja. Akifariki, Mungu aepushe, salio lake linafuata utaratibu wa mirathi, na wewe utakuwa mtu wa nje. Kumpa mwenzako namba ya siri si suluhisho. Ni kuvunja masharti ya huduma na kujifungia mlango wa malalamiko.

Andikeni karatasi moja. Nani ametoa kiasi gani (na zile 40,000 za mama ni mkopo au ni hisa? mwulizeni mama mwenyewe, msimwamulie). Nani anafanya nini. Faida inagawanywaje, na lini. Mmoja akitaka kutoka, anapewa nini. Wekeni sahihi mbele ya mtu mzima mnayemheshimu nyote. Biashara ikishaanza kuingiza pesa za kueleweka, sajilini jina la biashara kupitia eCitizen, kisha mfungue tili kwa jina hilo.

Karatasi za serikali

Kwa ufupi. Kwa kuwa mnashika chakula, mtahitaji cheti cha afya cha mshika chakula na kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa. Mkianza kufunga kachiri kwa jina lenu wenyewe na kuziweka madukani, mtahitaji alama ya ubora ya KEBS. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo hesabu ya karatasi iwemo kwenye bei tangu mwanzo. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 inaanza pale mauzo ya mwaka yanapozidi shilingi milioni moja, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Milioni moja inaonekana mbali, lakini ni kama 83,000 na ushei kwa mwezi, na kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiuza kwa faida nyembamba, asilimia 3 ya mauzo inaweza kuwa sehemu kubwa ya ulichobakisha.

Siku ambazo Mama Ngina haina watu

Mahali hapa pana majira yake. Ramadhani ikiingia, mchana hulala na biashara huhamia magharibi. Idi ikifika, mtu hapati pa kukanyaga. Mvua za Aprili na Mei hufukuza watu. Desemba wageni kutoka bara huja kwa mabasi. Bustani yenyewe ilikarabatiwa upya mwaka 2019, mpaka sherehe za Mashujaa za 20 Oktoba mwaka huo zikafanyika hapo hapo.

Halafu ikaja 2020. Amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni ilianza 27 Machi, na kwa biashara inayoamka saa kumi jioni hiyo ilikuwa karibu sawa na kufungwa. Tarehe 8 Aprili kaunti nzima ya Mombasa ikafungwa kuingia na kutoka. Tarehe 6 Mei ikatangazwa Mji wa Kale nao unafungwa. Benki Kuu ilikuwa imeondoa ada za kutuma pesa kwa simu zisizozidi 1,000 tangu katikati ya Machi, na nafuu hiyo ikadumu mpaka mwisho wa mwaka, lakini ada ya bure haina maana kwa mtu asiye na cha kutuma.

Kwa hiyo kabla ya kumwita tena yule fundi wa programu, tungependa wawili hawa wawe na vitu viwili. Kwanza, akiba ya gharama za miezi miwili ikiwa kwenye akaunti ambayo si rahisi kuigusa. Kwa biashara yao hiyo haifiki hata 10,000. Pili, orodha ya wateja waliokubali kupigiwa simu, ili Mama Ngina ikinyamaza wao wawe na mahali pa kuuliza oda. Na wakitaka mtu wa kuwapinga kwenye hesabu zao bila kuwaonea haya, Swahilipot Hub iko pale Mji wa Kale karibu na Ngome, imejaa vijana wenye mawazo kama yao. Waende na taarifa ya miamala ya miezi mitatu mkononi. Mazungumzo yatakuwa mafupi na ya maana zaidi kuliko wakienda na nembo.